Damu ikiganda: ni kwenye mshipa gani, na donge linaelekea wapi?

Chukua watu watatu. Wa kwanza ameamka asubuhi mdomo umeenda upande na mkono wa kulia hauinuki. Wa pili alifanyiwa upasuaji wa nyonga wiki mbili zilizopita, na sasa mguu wake mmoja umevimba kuanzia kwenye kigimbi. Wa tatu amejifungua salama, lakini siku ya nne anainuka kitandani, pumzi zinamkata ghafla, anaanguka. Ndugu wa wote watatu wataambiwa maneno yaleyale: damu iliganda. Na kweli, iliganda.

Tabu inaanza pale maneno yaleyale yanapodhaniwa kuwa ugonjwa uleule. Aliyepona mguu anamgawia jirani mwenye kiharusi vidonge vyake vilivyobaki, kwa moyo mweupe kabisa, kwa sababu "sote damu yetu inaganda". Ikiwa kiharusi cha jirani kilitokana na mshipa uliopasuka, vidonge hivyo vinaweza kummaliza. Nimesikia habari za kugawiana dawa namna hii mara nyingi mno, na hofu yangu ni hiyo hasa. Kwa hiyo kila unaposikia "damu imeganda", uliza mambo mawili: imeganda kwenye mshipa gani, na donge hilo likisogea litafika wapi? Majibu yake ndiyo yanayoeleza dalili, hatari na dawa.

Tuanze na kuganda kwenyewe, ambako ni neema kabla ya kuwa maradhi. Damu inatakiwa kuwa maji ndani ya mshipa na kuwa kigumu inapovuja. Ukijikata kidole, vipande vidogo sana viitwavyo chembe sahani hukimbilia penye jeraha na kushikamana. Mtu mzima mwenye afya ana chembe sahani kati ya 150,000 na 450,000 katika kila mikrolita moja ya damu, yaani katika kitone kidogo sana, na kila moja huishi siku 7 hadi 10 tu. Lakini chembe hizo peke yake ni kama matambara uliyosukumia kwenye ufa wa tangi: yanapunguza uvujaji, hayadumu. Ndipo protini zilizomo kwenye damu, nyingi zikiwa zimetengenezwa na ini, zinapoamshana moja baada ya nyingine na kutoa nyuzi za fibrini. Nyuzi hizo hufuma wavu juu ya matambara, wavu unanasa chembe nyekundu, na ufa unazibika. Jeraha likipona, mwili wenyewe huuyeyusha wavu huo kidogo kidogo.

Shika hayo mawili, chembe sahani na wavu wa fibrini, maana dawa zimegawanyika kufuata mgawanyo huohuo.

Ugonjwa ni pale mashine hii inapowaka mahali pasipovuja damu. Donge linafanyika ndani ya mshipa na kuziba njia; madaktari wanaita hali hiyo thrombosi. Donge au kipande chake kikimeguka na kusafiri na damu hadi kukwama mahali pengine, kinaitwa emboli. Majina yote mawili yaliwekwa na daktari Mjerumani, Rudolf Virchow, katika karne ya 19. Yeye pia ndiye anayehusishwa na maelezo yanayofundishwa hadi leo, kwamba damu hugandia ndani ya mshipa kwa sababu tatu: ukuta wa mshipa umeumia, mwendo wa damu umezorota, au damu yenyewe imekuwa rahisi kuganda. Siku yake ya kuzaliwa, tarehe 13 Oktoba, ndiyo Siku ya Thrombosi Duniani.

Hapa niondoe dhana moja iliyoenea sana, ya "damu nzito". Watu wengi huiona damu kama samli: ikipoa inaganda, ikipata joto inayeyuka, hivyo ukinywa maji baridi unajigandisha na ukinywa ya moto unajiyeyusha. Damu haigandi namna hiyo. Kuganda kwake ni kazi ya kemikali, si ya ubaridi, na maji unayokunywa hufikia joto la mwili muda mfupi tu baada ya kuyameza. Yapo maradhi machache ambayo chembe nyekundu huzidi na damu kweli huwa nzito, na kuishiwa maji mwilini kunachangia kiasi. Lakini watu wengi waliopata donge, ukiwapima, damu yao si nzito kuliko ya mtu mwingine. Tena "damu nzito" si jina lingine la shinikizo la juu la damu. Shinikizo ni nguvu ambayo damu inausukuma nayo ukuta wa mshipa.

Sasa twende kwenye mishipa. Ateri ndizo zinazotoa damu kwenye moyo kuipeleka mwilini. Kuta zake ni nene na damu hupita kwa kasi na kishindo. Ukigusa kifundo cha mkono, ule mdundo ni wa ateri. Vena ndizo zinazoirudisha damu kwenye moyo. Kuta zake ni laini, msukumo ni mdogo, na damu ya miguuni inapaswa kupanda juu bila kusukumwa moja kwa moja na moyo. Inasaidiwa na milango midogo ndani ya vena, yaani vali, inayozuia damu isirudi chini, na misuli ya kigimbi, ambayo kila unapopiga hatua huzikamua vena na kuirusha damu juu. Si bure kigimbi kinaitwa moyo wa pili.

Kwenye ateri yenye kasi, donge halifanyiki kwa damu kutuama. Linafanyika kwa sababu ukuta umeharibika. Kwa miaka mingi mafuta na seli za kinga hujikusanya ndani ya ukuta wa ateri na kufanya utando, na sigara, shinikizo la juu la damu, kisukari na kolesteroli huharakisha jambo hilo. Mtu anaweza kuishi na utando huo bila kujua. Siku moja unapasuka. Damu inayopita inauona mpasuko kama jeraha, chembe sahani zinaukimbilia kwa nia njema, na ndani ya dakika njia imezibwa. Kilicho mbele ya kizibo kinakosa hewa ya oksijeni na kuanza kufa. Ikiwa ni ateri ya moyo, huo ni mshtuko wa moyo. Ikiwa ni ya ubongo, ni kiharusi. Ndiyo sababu dalili za ateri huja kwa ghafla, na ndiyo sababu ndani ya donge la ateri chembe sahani ni nyingi kuliko kitu kingine.

Vena ni habari tofauti. Mto ukitulia, matope hutuama. Damu ya vena ikizorota, fibrini hufuma wavu taratibu, hasa nyuma ya vali za vena za ndani kabisa ya mguu. Mbele ya kizibo hakuna kiungo kinachosubiri oksijeni, kwa hiyo hakuna kinachokufa papo hapo. Damu inarundikana nyuma yake, kama maji ya mfereji uliozibwa na takataka, na mguu unavimba. Mtu anaweza kukaa nayo siku kadhaa akidhani amelala vibaya.

Kuna pango la tatu ambalo watu hulisahau: vyumba vya moyo. Vyumba vya juu vinapotetemeka ovyo badala ya kupiga kwa mpangilio, damu huzunguka bila kutoka vizuri, hasa kwenye kifuko kidogo cha upande wa kushoto, na donge linafanyika humo. Mapigo hayo yasiyo na mpangilio huongeza hatari ya kiharusi takriban mara tano. Donge lenyewe ni la aina ya vena, la wavu, ingawa likitoka linaingia kwenye ateri. Kwa hiyo mwenye kiharusi cha namna hii hupewa dawa zinazofanana na za mgonjwa wa mguu, ilhali mwenzake aliyeziba ateri ya shingo kwa mafuta hupewa nyingine. Wote wana kiharusi, wote "damu iliganda", na dawa haziko sawa.

Swali la pili, donge linaelekea wapi, linajibiwa kwa kufuata njia. Damu kutoka mguuni inapanda tumboni, inaingia upande wa kulia wa moyo, na kutoka hapo inasukumwa kwenye mapafu. Mishipa ya mapafu inazidi kuwa myembamba kila inapogawanyika, mpaka inakuwa chujio. Donge lililomeguka mguuni linakwama hapo. Ndicho kilichompata yule mzazi wa siku ya nne. Kwa kawaida, basi, donge la mguu "halipandi kichwani", ingawa nimesikia hivyo mara nyingi. Kuna njia moja ya pembeni: takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne ana kitundu kidogo katikati ya vyumba vya juu vya moyo, kilichobaki tangu akiwa tumboni mwa mama, na mara chache donge hupenya humo kwenda upande wa kushoto. Vinginevyo, donge la kwenye ubongo hutoka kwenye moyo wa kushoto, kwenye ateri za shingo, au hufanyika palepale.

Ukishaijua njia, dalili zinajieleza. Donge la vena ya mguu huleta uvimbe wa mguu mmoja, maumivu au kukaza kwenye kigimbi au paja, joto, na ngozi kubadilika rangi. Vitabu vingi huandika "wekundu", na kwa ngozi nyeusi wekundu huo huweza usionekane kabisa. Utaona weusi zaidi, au ngozi imevutika na kung'aa. Linganisha mguu na mwenzake, zungushia utepe wa kupimia kama unao. Miguu yote miwili ikivimba kwa pamoja, mara nyingi chanzo ni kingine, kama moyo, figo au ini, nacho kinahitaji daktari pia.

Donge la mapafu huleta upungufu wa pumzi wa ghafla, maumivu ya kifua yanayochoma unapovuta hewa ndani, moyo kwenda mbio, wakati mwingine kukohoa damu au kuzirai. Wapo wasiokuwa na uvimbe wowote mguuni. Hii ni dharura ya saa hiyo hiyo.

Kwa ateri ya mguu au mkono, sura inageuka: kiungo hakivimbi, kinapauka, kinakuwa baridi, kinauma sana, kinakufa ganzi na mdundo wake haushikiki. Angalia nyayo na kucha, huko mpauko huonekana kwa kila rangi ya ngozi. Zikipita takriban saa sita bila damu, misuli na neva huanza kuharibika kabisa. Mshtuko wa moyo ni kifua kubanwa kama kimekaliwa, maumivu kwenda mkononi, shingoni au kwenye taya, jasho jembamba, kichefuchefu. Wanawake na wenye kisukari huweza kupata uchovu na kukosa pumzi bila maumivu makali. Kiharusi ni uso kuanguka upande mmoja, mkono kukosa nguvu, maneno kutoka yamepinda. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba ateri kubwa ya ubongo ikiziba, seli za neva milioni 1.9 hufa kila dakika. Kwa hiyo usimlaze mgonjwa "aone kama itapita", na usimpe aspirini nyumbani. Kiharusi cha kuziba na cha kupasuka hufanana mno kwa nje, na hakuna anayeweza kuvitenganisha bila picha ya CT au MRI, yaani picha za mashine zinazoonyesha ndani ya kichwa.

Nani yuko hatarini? Kwa donge la vena, jibu ambalo halisemwi vya kutosha ni: aliyelazwa hospitalini. Hadi asilimia 60 ya madonge ya vena yanahusishwa na kulazwa, ama mtu akiwa wodini au ndani ya siku 90 baada ya kutoka. Upasuaji unajeruhi mishipa, kitanda kinanyamazisha kigimbi, na mwili ulioumia huongeza protini za kugandisha. Sababu zote tatu za Virchow zinakutana kwenye godoro moja. Saratani huongeza hatari mara kadhaa. Ujauzito nao, kwa kuwa mwili unajiandaa kwa damu ya kujifungua, na hatari ni kubwa zaidi katika wiki sita baada ya kuzaa, wakati ambapo macho ya wote yako kwa mtoto na mama akisema anakosa pumzi anaambiwa ni uchovu.

Vidonge vya uzazi wa mpango vinatisha watu kuliko vinavyostahili, kwa hiyo zitazame namba. Vyenye homoni ya estrojeni huongeza hatari: kati ya wanawake 10,000 wasiovitumia, takriban 2 hupata donge kwa mwaka, kati ya 10,000 wanaovitumia, ni 5 hadi 12. Hatari ya ujauzito wenyewe ni kubwa kuliko hiyo. Anayevuta sigara akiwa na zaidi ya miaka 35, au aliyewahi kupata donge, ashauriwe njia nyingine. Safari nayo, iwe ya ndege au ya basi, ikizidi saa nne huongeza hatari mara mbili hadi tatu. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani ulikadiria mtu mmoja kati ya 6,000 kwa safari ndefu ya ndege. Inuka, kanyagia visigino na vidole kwa zamu ukiwa umekaa. Inatosha kwa mtu asiye na hatari nyingine.

Na chanjo? Mwaka 2021 habari za chanjo ya AstraZeneca ziliwachanganya watu dunia nzima. Tatizo lilikuwepo kweli: kwa wachache sana, takriban mtu mmoja hadi wawili kati ya laki moja kwenye dozi ya kwanza kwa hesabu za Uingereza, mwili ulitengeneza kingamwili zilizoamsha chembe sahani, na madonge yakafanyika mahali pasipo pa kawaida kama vena za ubongo na za tumbo. Ilitokea siku au wiki chache baada ya sindano. Si jambo linalojificha miaka kisha likaibuka, na si la kila chanjo. Ugonjwa wa korona wenyewe uligandisha damu za watu wengi zaidi.

Hospitalini, mguu hupimwa kwa altrasaundi na mapafu kwa CT. Kipo pia kipimo cha damu kiitwacho D-dimer, ambacho hutafuta mabaki ya wavu uliovunjwa. Kikiwa kawaida kwa mtu ambaye daktari ameona hatari yake ni ndogo, kinasaidia kuondoa wasiwasi. Kikipanda hakithibitishi donge, maana hupanda kwa ujauzito, maambukizi, upasuaji na hata umri. Wengi hulia wakiona karatasi hiyo kabla ya kuelezwa.

Dawa ni makundi matatu. Aspirini na klopidogreli huzuia chembe sahani zisishikamane. Ni za ateri. Heparini, warfarini, rivaroksabani na apiksabani huzuia wavu usifumwe. Ni za vena na za vyumba vya moyo. Hizi watu huziita dawa za kuyeyusha damu, na jina hilo limepotosha wengi. Haziyeyushi donge wala kuifanya damu kuwa maji. Zinalizuia lisikue wakati mwili unalimaliza wenyewe, na ndiyo maana matibabu ya donge la vena hayapungui miezi mitatu. Anayeacha wiki ya pili kwa sababu uvimbe umeshuka ameondoa ulinzi kabla kazi haijaisha. Kundi la tatu ndilo linaloyeyusha kweli, kwa sindano, ndani ya hospitali: kwa kiharusi cha kuziba, kwa kawaida ndani ya saa 4.5 tangu dalili zianze, na kwa donge la mapafu linalouzima moyo. Bei yake ni hatari ya kuvuja damu hata kwenye ubongo, kwa hiyo halitolewi ovyo. Penye vifaa, madonge makubwa ya ubongo huvutwa nje kwa mrija, na ateri ya moyo hufunguliwa kwa puto na kuwekewa stenti, kijibomba kinachoizuia isizibe tena.

Warfarini ina sifa ya "sumu ya panya", na wapo walioitupa kwa hofu hiyo. Habari hiyo ina ukweli. Miaka ya 1920 ng'ombe wa Amerika Kaskazini walivuja damu hadi kufa baada ya kula majani ya malisho yaliyoharibika. Watafiti wa Wisconsin, Marekani, wakakitambua kitu kilichomo, na kutoka hapo ikatengenezwa warfarini, ikauzwa kwanza kuulia panya, kisha ikaidhinishwa kwa binadamu mwaka 1954. Kinachotofautisha sumu na dawa hapa ni kipimo, na kipimo chenyewe hufuatiliwa kwa damu: namba ya INR, inayoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, kwa wengi inatakiwa iwe kati ya 2 na 3. Mboga za majani zina vitamini K inayopunguza nguvu yake. Hupaswi kuziacha, kula kiasi kinachofanana wiki hadi wiki. Kwa mjamzito heparini hutumika badala yake, kwa kuwa warfarini humfikia mtoto.

Kitunguu saumu na tangawizi haviyeyushi donge. Vikiliwa kwa wingi au kama vidonge pamoja na dawa hizi vinaweza kuongeza kuvuja damu, hivyo mwambie daktari. Mguu uliovimba upande mmoja usikandwe wala kuchuliwa kwa nguvu kabla haujapimwa, maana unaweza kulimegua donge na kulituma kwenye mapafu. Aspirini ya kila siku kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa moyo wala mishipa imepoteza hadhi yake ya zamani: kwa wazee wenye afya, kuvuja damu kulizidi faida. Mabonge yanayotoka kwenye hedhi ni damu iliyogandia kwenye mji wa mimba, si kwenye mshipa. Yakiwa makubwa na mengi yanataka uchunguzi wa uzazi na wa upungufu wa damu, lakini hayaendi mapafuni.

Baada ya dawa, wengine hubaki na mguu mzito unaovimba jioni, kwa kuwa donge liliharibu vali; kutembea na kuinua mguu husaidia, na soksi za kubana huwapunguzia baadhi yao maumivu. Anayestahili kurudi haraka ni yule aliyetibiwa donge la mapafu, akamaliza miezi mitatu ya dawa, na bado anahema akipanda ngazi. Wachache kati yao wana makovu yaliyoziba mishipa ya mapafu na kuulemea moyo wa kulia. Hali hiyo inatambulika kwa vipimo, na kwa wengine upasuaji wa kuyatoa makovu hayo huiponya kabisa.